Weusi wa Fedha, Ukijani wa Shaba

Mwaka 1816 serikali ya Uingereza ilianza kugawa medali ya fedha kwa kila aliyepigana Waterloo mwaka uliotangulia, kuanzia majenerali hadi wapiga ngoma. Kabla ya hapo hapakuwa na medali ya serikali hiyo iliyotolewa kwa vyeo vyote bila ubaguzi, kila moja ikiwa na jina la mpokeaji limepigwa kwa mashine ukingoni. Zilitengenezwa takriban 39,000. Thomas Wyon, aliyebuni sura yake, alifanya kazi ya kusifiwa. Aliyeamua namna ya kuining'iniza hakufikiri mbali: medali ya fedha ilibanwa kwa kibanio cha chuma, na kwenye kibanio ikapitishwa pete kubwa, nayo ya chuma.

Matokeo yake yanaonekana kwenye medali chache ambazo hazikubadilishwa. Fedha imekuwa ya kijivu kizito, na karibu na ukingo inatoa rangi ya samawati ukiigeuza kwenye mwanga. Chuma kimeshika kutu ya kahawia, na kutu hiyo imeteremka kidogo ikaacha doa shingoni mwa medali. Metali mbili, kifuani pa mtu mmoja, hewa ileile, na kila moja imezeeka kivyake. Wengi wa askari wa Waterloo hawakuipenda pete ile. Walipeleka medali zao kwa masonara wakawekewa kishikio cha fedha kwa pesa zao wenyewe, na leo vishikio hivyo vya kununua ndivyo vinavyowapa wakusanyaji kazi ya ziada ya kuuliza nini kilikuwepo tangu mwanzo na nini kiliongezwa.

Tabaka hilo la rangi linaloota juu ya metali kwa miaka mingi ndilo linaloitwa patina. Mtu anayeokota medali ya babu sandukuni huona uchafu, na mkono wa kwanza huenda kwenye kitambaa na dawa ya kung'arishia. Mfanyabiashara wa medali akiona kitambaa hicho hushika kichwa.

Fedha haiogopi hewa safi. Oksijeni, inayokula chuma hadi kikabaki unga, haiigusi fedha katika joto la kawaida. Adui yake ni salfa, hasa gesi ya haidrojeni salfaidi, ileile inayolipa yai viza harufu yake. Haihitajiki nyingi: chembe chache tu katika bilioni za hewa zinatosha kuanza kazi. Salfa hushikamana na fedha, na juu ya uso wa medali hutandaa salfaidi ya fedha, ambayo kwa asili yake ni nyeusi.

Lakini weusi haufiki siku moja. Utando unapokuwa mwembamba sana, chini ya sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele, mwanga unaorudi kutoka juu yake hugongana na ule unaorudi kutoka chini yake, na rangi fulani hufutwa huku nyingine zikizidi. Ndivyo mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi la maji barabarani yanavyotoa rangi za upinde wa mvua. Kwa hiyo medali ya fedha huanza kwa manjano hafifu, ikaingia kwenye kahawia yenye wekundu, ikapita zambarau na samawati, kisha utando ukinenepa rangi hizo huzimika na kubaki kijivu, na mwishowe weusi. Anayeufahamu mfuatano huu hasomi rangi moja moja, husoma mpangilio wake. Rangi zilizopangika kutoka ukingoni kuelekea katikati, kila moja ikiyeyukia kwenye nyingine, huonyesha salfa iliyoingia polepole kutoka upande mmoja: kwenye karatasi ya bahasha, kwenye kadibodi ya kisanduku, kwenye kitambaa kilichowekwa chini.

Na vyanzo vya salfa viko kila mahali ambapo watu wenye medali huziweka. Sufu ina salfa ndani ya nyuzi zake, na sare za askari wa Ulaya zilikuwa za sufu. Mpira una salfa, kwa hiyo medali iliyofungwa kwa rababendi hubaki na mstari mweusi unaopita usoni mwa mfalme. Moshi wa makaa ya mawe uliojaza nyumba za London na Birmingham katika karne ya 19 ulikuwa na salfa tele, na ndiyo sababu medali iliyotundikwa ukutani katika nyumba ya namna hiyo ilishika weusi haraka kuliko ile iliyofungiwa kwenye droo.

Bronzi ni habari nyingine, tena ngumu zaidi.

Hii ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, na mara nyingi zinki kidogo. Shaba hukubaliana na karibu kila kitu: oksijeni huipa utando wa hudhurungi yenye wekundu, salfa huipa rangi nyeusi, hewa yenye unyevunyevu na kabonidayoksaidi huiotesha ukijani, na chumvi ya bahari huiotesha ukijani wa aina tofauti kabisa. Medali moja ya bronzi inaweza kubeba tabaka tatu au nne za namna hii, moja juu ya nyingine. Ugumu wa pili ni kwamba medali nyingi za bronzi za karne ya 19 hazikutoka kiwandani zikiwa na rangi ya bronzi tupu. Zilitiwa dawa makusudi zipate hudhurungi. Anayeisugua medali ya namna hiyo hadi ing'ae kama birika la shaba hairudishi katika hali ya mwanzo. Anaipa sura ambayo mwenyewe aliyetunukiwa hakuwahi kuiona.

Mfano ulio wazi ni Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Ilianzishwa Januari 1856, vita vya Crimea vikielekea mwisho, na tarehe 26 Juni 1857 Malkia Victoria aliwavisha wa kwanza 62 katika bustani ya Hyde Park. Kampuni ya Hancocks ya London ndiyo imekuwa ikiitengeneza tangu wakati huo. Bronzi yake, iliyosemekana kutoka kwenye mizinga ya Warusi iliyotekwa Sevastopol, ilikuwa ngumu mno kupigwa kwa mhuri, basi ikaamuliwa imiminwe kwenye kalibu za mchanga, kisha kila msalaba umaliziwe kwa mkono na kutiwa dawa ya kuupa hudhurungi iliyokolea. Hadithi ya mizinga ya Warusi nayo imepunguzwa makali: mizinga miwili iliyokatwa vipande vya kutengenezea nishani hii, ambayo imehifadhiwa Uingereza, ni ya Kichina, na uchunguzi kwa miale ya eksirei umeonyesha kuwa misalaba ya vipindi tofauti haikutoka kwenye metali moja.

Kwa hiyo hudhurungi ya Victoria Cross ni ya aina mbili kwa wakati mmoja. Chini kuna ya Hancocks, na juu kuna ya miaka, nayo hutegemea kama msalaba ulivaliwa au la. Nigel Leakey, sajenti wa King's African Rifles kutoka Kenya, aliuawa Colito nchini Ethiopia tarehe 19 Mei 1941 baada ya kurukia kifaru cha Waitaliano na kuwapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva. Nishani yake ilitangazwa Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye. Msalaba wa mtu aliyekwisha kufa haukuvaliwa kwenye gwaride wala haukusuguliwa na mtumishi wa afisa. Na msalaba usiovaliwa hubaki na rangi ya kiwandani kwenye ncha zilizoinuka, mahali ambapo misalaba iliyovaliwa hupauka kwanza.

Ukipeleka bronzi pwani, mambo hubadilika. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zina unyevunyevu unaozidi asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na upepo wa bahari hubeba chumvi hadi ndani ya kabati. Chumvi hiyo ina kloridi, na kloridi ikishapenya kwenye shaba hutengeneza chini ya utando kitu kinachofanana na nta ya kijivu. Kinaweza kukaa kimya miaka mingi. Kikipata unyevunyevu na hewa, hugeuka kuwa unga mwepesi wa kijani mpauko, na kadiri kinavyogeuka ndivyo kinavyotoa asidi inayokwenda kuila shaba iliyo jirani, na asidi hiyo hutengeneza tena kloridi mpya. Wahifadhi wa makumbusho huuita ugonjwa wa bronzi, na kwa kweli hufanya kazi kama ugonjwa: ukiupangusa unga wa juu bila kuondoa chanzo, utaukuta tena msimu wa mvua ujao, na chini yake kashimo kameongezeka kina.

Hapa ndipo ushauri wa "usiguse patina" unapokoma. Patina nzuri ni ngumu, imeshikana na metali, na inalinda kilicho chini yake. Unga wa kijani unaochanguka ukiguswa na ncha ya kijiti haulindi chochote. Vilevile kuna ukijani wa tatu unaochanganywa na huo bila sababu: ule wa utelezi, kama nta laini, unaoota mahali ambapo shaba imegusana na ngozi au mafuta. Huo ni shaba iliyoungana na asidi za mafuta, na huondoka kwa kijiti cha mti na spiriti kidogo bila kuacha kovu kubwa.

Pwani hiyohiyo, na bara yake, ilikuwa na medali nyingi kuliko watu wanavyodhani. King's African Rifles, waliojulikana kwa Kiswahili kama Keya, waliundwa mwaka 1902, na mwaka huohuo ikaanzishwa Medali ya Utumishi wa Afrika, iliyoendelea kutolewa hadi operesheni za Kenya za 1952 hadi 1956. Upande mmoja ina sura ya mtawala wa wakati huo. Upande wa pili Britania amesimama na simba kando yake, jua likichomoza nyuma. Askari walipewa ya fedha. Idadi ndogo ilitengenezwa kwa bronzi, na hizo kwa sehemu kubwa ziliwaendea wapagazi Waafrika. Vita vilevile, muhuri uleule, metali mbili kwa vyeo viwili. Na zaidi ya miaka mia baadaye tofauti hiyo ya vyeo imegeuka kuwa tofauti ya rangi, weusi wenye samawati kwa askari na hudhurungi kwa aliyebeba mizigo yake. Wakusanyaji wa leo, kwa kuwa za bronzi ni adimu, ndizo wanazozitafuta zaidi.

Askari mwenyewe hakuwa na muda wa kusifu patina. Alikuwa na sajenti. Medali ya gwaride ilitakiwa ing'ae sawasawa na vifungo vya koti na ngao ya mshipi, na aliyekuja na medali nyeusi alipata adhabu. Kabla dawa kama Brasso haijafika madukani mapema katika karne ya 20, watu walitumia chokaa laini, majivu na unga wa matofali. Tatizo ni hesabu rahisi: salfaidi ya fedha imetengenezwa kwa fedha ya medali yenyewe. Kila unapofuta weusi, umeondoa na tabaka la fedha lililogeuka kuwa weusi huo, na halirudi. Ukifanya hivyo kila Jumamosi kwa miaka ishirini, shavu la malkia huwa bapa, nywele zake hupotea, na maandishi yanayomzunguka hubaki kama kivuli. Medali za askari wa kawaida waliotumikia muda mrefu mara nyingi ziko hivyo, na kuna wanunuzi wanaozidharau kwa sababu hiyo. Wanakosea. Uso uliolika kwa kusuguliwa ni alama ya utumishi sawa na weusi, na pengine ya kweli zaidi, kwa sababu weusi unaweza kuota kwenye droo ya mtu ambaye hakuwahi kuvaa medali hata siku moja.

Alama nyingine ya utumishi haiwezi kuigizwa kirahisi. Waliopigana Misri kuanzia 1882 walipewa medali mbili: ya fedha kutoka kwa Malkia, na Nyota ya Khedivu, mtawala wa Misri, ya bronzi, yenye ncha tano, piramidi na sanamu ya Sfinksi katikati. Zilining'inia bega kwa bega. Kila hatua ya gwaride, kila kupanda farasi, ncha za nyota ziligonga uso wa medali ya fedha, na bronzi ni ngumu kuliko fedha. Kwa hiyo medali nyingi za Misri zina vijishimo upande mmoja, vimejazana pale nyota ilipokuwa ikifikia, na ndani ya kila kijishimo weusi umetulia kwa sababu kitambaa hakiwezi kuingia humo. Muuzaji anayekuletea medali ya Misri yenye vijishimo, na karibu yake nyota ambayo ncha zake hazifikii vijishimo hivyo, amekuletea vitu viwili vilivyokutana dukani kwake.

Udanganyifu ndio unaofanya elimu hii iwe na faida ya pesa. Medali za Uingereza zina jina, namba na kikosi ukingoni, na jina la mtu mashuhuri au la vita adimu hupandisha bei mara nyingi. Basi tapeli huchukua medali ya kawaida, akapiga msasa ukingo hadi jina likaisha, kisha akachonga jingine. Kipenyo cha kawaida ni milimita 36. Ukingo uliopigwa msasa hupungua sehemu ndogo ya milimita, na kipimo cha vernia huonyesha upungufu huo. Kabla ya kipimo, jicho huona rangi: uso una weusi wa miaka mia, na ukingo una weusi wa miezi sita.

Mwele ni mfano mzuri. Agosti 1895 jeshi lililoongozwa na Admeri Harry Rawson, lenye mabaharia na wanamaji wa Uingereza pamoja na askari wa Kisudani na wa Zanzibar, lilishambulia ngome ya Mwele, nyuma ya pwani ya Kenya, ambako Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikuwa amejizatiti. Walioshiriki walipewa Medali ya Afrika Mashariki na Magharibi. Vita vingine vilivyoheshimiwa kwa medali hiyo, kama Witu mwaka 1890, vilipewa bamba dogo la fedha linalokaa juu ya utepe. Mwele haikupewa bamba. Jina na mwaka vilichongwa ukingoni. Bamba linahitaji kiwanda kulighushi. Mchongo unahitaji mtu mmoja mwenye patasi na mkono mtulivu.

Mchunguzi akiishika medali inayodaiwa kuwa ya Mwele, hutazama kwanza ndani ya herufi kwa lenzi. Mchongo wa wakati huo una kingo zilizolainika, na chini ya mtaro wake kuna weusi mkavu uliokolea kuliko wa nje, kwa kuwa hapo hapakufikiwa na kitambaa. Mchongo mpya una kingo kali zenye vinyweleo vya metali, na fedha nyeupe chini. Tapeli anajua hilo, kwa hiyo hutia dawa ya salfa, na mtaro ukapiga weusi kwa dakika chache. Lakini dawa haichagui: hufanya weusi mmoja, usio na hatua za rangi, wenye mwanya pale ambapo mafuta ya vidole yaliizuia. Kisha hubaki mikwaruzo. Medali ya zamani ina mikwaruzo mingi ukingoni. Mkwaruzo unaopita juu ya herufi ulikuja baada ya herufi. Herufi inayokata mkwaruzo katikati imekuja baada yake, na hapo mazungumzo ya bei huwa yamekwisha.

Mwaka 1980 pesa ilishinda hoja zote hizi. Bei ya fedha duniani ilipanda Januari hiyo hadi karibu dola 50 kwa wakia, na Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1920, iliyotolewa kwa mamilioni, ina uzito wa takriban wakia moja ya fedha. Thamani ya kuyeyushwa ikapita thamani ya kukusanywa. Nyingi zikaenda kwenye tanuri zikiwa na majina ya askari ukingoni. Mwenzake, Medali ya Ushindi, ni ya bronzi iliyopakwa vanishi ya rangi ya dhahabu, na haikumtamanisha yeyote. Ndiyo sababu leo minadani kuna Medali za Ushindi zilizo peke yake bila pacha wake. Vanishi yake imechakaa kwenye mabawa na vidole vya sanamu ya Ushindi iliyo usoni, mahali palipoguswa zaidi, na hudhurungi inachungulia chini yake.

Wanaotunza medali wanazotaka zibaki kama zilivyo hawafanyi mengi. Huvaa glavu, kwa sababu jasho la kidole lina chumvi na asidi, na alama ya kidole gumba iliyoachwa juu ya bronzi huweza kuchimba picha yake humo daima. Huepuka mbao za mwaloni, ambazo hutoa asidi, na mifuko ya plastiki ya PVC, ambayo ikioza hutoa asidi haidrokloriki na kuacha utelezi wa kijani. Hutumia karatasi isiyo na asidi na, kwa fedha, kitambaa kilichotiwa chembe za fedha ili salfa ifie humo kabla ya kufika kwenye medali. Wengine hupaka nta nyembamba, aina iliyobuniwa na wahifadhi wa Makumbusho ya Uingereza. Dawa za kuchovya zinazorudisha weupe kwa sekunde chache hawazigusi: huyeyusha weusi wa kwenye mitaro pamoja na ule wa juu, na medali hutoka ikiwa nyeupe isiyo na uhai, sura yake imekuwa bapa kwa sababu kivuli kilichoipa kina kimeondolewa.

Kwa medali za Vita vya Pili vya Dunia Uingereza iliacha anasa ya fedha. Nyota za kampeni, pamoja na Nyota ya Burma waliyopewa askari wa Afrika Mashariki waliopigana bonde la Kabaw mwaka 1944, zilitengenezwa kwa shaba na zinki. Ni za manjano zikiwa mpya, kisha huzeeka hudhurungi. Medali ya Vita ya 1939 hadi 1945 ilitengenezwa Uingereza kwa shaba na nikeli, mchanganyiko mkaidi unaofifia tu kuwa kijivu cha sarafu kuukuu. Canada iliagiza zake kwa fedha. Muundo ni uleule, mfalme ni yuleyule, na simba aliyekanyaga joka la vichwa viwili yuko nyuma ya zote mbili. Zikiwekwa mezani bila utepe wala karatasi, ile iliyoshika weusi wenye samawati ilivaliwa na Mkanada.